Tairi Lililolika Upande wa Kushoto

Siku tulipomzika mume wangu Thobias, katibu wa kijiwe cha pikipiki cha Katubuka alisoma wasifu wake kutoka kwenye nusu ukurasa. Alizaliwa Kalinzi, akasoma hadi darasa la saba, akaja mjini akabeba mizigo Kibirizi, akanunua pikipiki, akafunga ndoa, ameacha mjane na mtoto mmoja. Yote yalikuwa kweli, ila hakuna aliyetaja tairi.

Sasa mwaka unakaribia, na jumuiya yetu ya Buzebazeba imeniomba niandike maneno ya kusomwa siku ya misa ya kumbukumbu. Nimekaa na daftari la mwanangu Diana siku tatu. Nimeona siwezi kumweleza Thobias bila kulitaja tairi, na siwezi kulitaja tairi bila kutaja wivu wangu. Basi nitaandika vyote viwili. Padre alishayasikia kwenye kitubio, hatashtuka.

Thobias alikuwa anaamka saa kumi na moja. Kabla hajaniuliza nimeamkaje, alikuwa ameshatoka uani kuligusa tairi. Upepo aliupima asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa sababu likishatembea, alisema, linapata joto, upepo unapanda, na kipimo kinakudanganya. Kipimo chenyewe kilikuwa kidogo kama kalamu. Alikifunga kwenye kitambaa cheupe na hakumwazima mtu. Mimi nilikuwa nasikia ule mlio wa upepo kutoka kitandani, na nasema kweli mbele ya Mungu, nilikionea wivu kile kipimo. Mkono wangu hakuwahi kuushika kwa uangalifu ule.

Jumamosi jioni aliiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, akachukua uzi mweusi wa nyavu aliopewa na wavuvi wa Kibirizi, akauzungusha nyuma ya tairi la nyuma na kuuvuta hadi mbele pande zote mbili. Mimi nilishika ncha moja, Diana nyingine. Yeye alipiga magoti mbele na kutazama kama nafasi kati ya uzi na tairi la mbele ni sawa kushoto na kulia. Ikiwa si sawa, alilegeza nati ya gurudumu la nyuma na kugeuza skrubu za cheni, hii kidogo, ile kidogo, hadi magurudumu yafuatane.

"Watu wanabana cheni upande mmoja, wanasahau wa pili," alikuwa anasema. "Halafu tairi likilika wanakwenda kumtukana mwenye duka."

Madereva wenzake walikuja kwetu na matairi yao kama watu wanaopeleka mtoto kupimwa. Thobias alikuwa anapitisha kidole kwenye kashata, yaani yale mafundo ya mpira yanayoshika barabara, kisha anasema ugonjwa ni nini. Nakumbuka alivyonifundisha mimi.

"Tazama, Mama Diana. Hapa katikati pamekuwa kipara, pembeni pazima. Huyu anajaza upepo kama mpira wa mechi. Na hili limelika pembeni kote kuwili, katikati pamebaki. Huyu upepo wake mdogo, na bado anapakia mshikaki wa watu watatu."

"Na hili lenye meno kama msumeno?"

"La mbele hilo. Mwenyewe anakimbia halafu anashika breki ghafla. Ukiona mabonde mabonde, hapo ni shokapu imekufa, tairi linarukaruka."

"Na likilika upande mmoja tu?"

"Gurudumu limekaa kombo, au mzigo umekaa kombo. Kwa barabara zetu hakuna la tatu."

Maneno hayo niliyaweka moyoni. Sikujua nayaweka kwa kazi gani.

Thobias alikuwa na sheria moja iliyojulikana mji mzima: habebi mtu aliyekaa upande. Wanawake wengi wa kwetu, na mimi mmoja wao, tukiwa na vitenge tunakaa na miguu yote kushoto, mbali na egzosi inayounguza. Kwake hapana. "Mama, pitisha mguu," alikuwa anasema, "ukikaa upande unanilia tairi." Alimwambia hivyo mwenyekiti wa kwaya. Alimwambia bibi harusi mbele ya kanisa, na bibi harusi akapandisha gauni akapitisha mguu, watu wakapiga vigelegele. Mimi mke wake nilikuwa navaa suruali chini ya kitenge ili nipande pikipiki ya mume wangu.

Hapa lazima nimtaje baba yangu, Mzee Leodgar. Baba alikuwa fundi wa mabehewa stesheni ya reli hapa Kigoma hadi alipostaafu. Nilipomaliza kidato cha nne alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kusomea uuguzi. Mimi nikaenda kwa Thobias. Tulibariki ndoa baadaye, Baba hakuja. Alisema mbele ya ndugu: "Pikipiki ya huyo kijana sitaipanda, na uani kwake sitakanyaga." Miaka sita alikaa Kasingirima, mimi Buzebazeba, mwendo wa dakika chache tu, na hatukusemeshana. Niliposikia ameanguka na kupooza upande mmoja nilibeba uji nikaenda. Dada yangu Winfrida, anayeishi naye, alitoka mlangoni akilia. "Amesema hataki umwone hivi," aliniambia. Nilirudi na uji wangu. Nikawa napata habari zake kwa Winfrida tu: anaendelea vizuri, ameanza kusimama.

Miezi minne baada ya hapo niliona tairi.

Nilikuwa nafagia uani. Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye stendi kubwa, jua la jioni likilipiga tairi la nyuma. Upande wa kulia kashata zilikuwa ndefu, nzuri. Upande wa kushoto zilikuwa zimelika, karibu kipara. Nilisimama na fagio langu. Gurudumu la Thobias haliwezi kukaa kombo, uzi wa Jumamosi niliushika mimi mwenyewe. Basi ni mzigo. Mzigo gani unakaa kombo kila siku, kwa mtu asiyebeba abiria wa upande? Nikaona kushoto, nikawaza miguu ya mwanamke, kushoto.

Nilichukua njiti ya kiberiti nikaichomeka kwenye mfereji wa kulia, nikaweka alama kwa ukucha. Nikaichomeka kushoto. Nusu. Tangu siku hiyo nilipima kila jioni Thobias akioga. Nilikuwa nasali rozari mkono mmoja na wa pili una njiti. Kushoto kulizidi kwisha. Kwenye boksi la vyombo vya pikipiki nikakuta pia kipande cha gunia kilichoungua, kina waya. Sikujua ni cha nini, lakini mtu mwenye wivu halazimiki kujua, inamtosha kuona.

Nilianza na Bariki, dereva mwenzake wa kijiweni, kijana mwenye mdomo.

"Bariki, kaka yako anambeba nani siku hizi?"

"Shem, mimi nabeba wangu, yeye anabeba wake."

"Kasingirima anakwenda kufanya nini kila asubuhi?" Hilo nililikisia tu, kwa sababu ya mtu mmoja niliyemjua huko.

Bariki aliacha kucheka. "Nani kakwambia Kasingirima?"

"Wewe. Sasa hivi."

"Aisee! Shem, ungeajiriwa polisi." Akawasha pikipiki. "Huyo abiria ni wa heshima. Hatumuulizi."

Mtu niliyemjua Kasingirima, ukiondoa ndugu zangu, alikuwa Jovita. Jovita anauza mawese karibu na njia. Ni mrefu, ana shingo nzuri, na kabla yangu alikuwa mchumba wa Thobias. Waliachana kwa sababu ambayo sikuwahi kuambiwa, na jambo usiloambiwa linakaa ndani kama mwiba wa dagaa. Kesho yake nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda.

"Karibu, Mama Diana," Jovita alisema. "Nusu lita au lita nzima?"

"Sikuja kununua. Nimekuja kukuuliza unakaa upande gani."

"Upande gani wa nini?"

"Wa pikipiki ya mume wangu."

Wateja walikuwa watatu. Mmoja aliweka chupa yake chini. "Jamani, mimi sina haraka," alisema. "Endeleeni."

Jovita alifuta mikono yenye mawese taratibu. Kisha akapandisha kitenge hadi chini ya goti na kutoa mguu nje. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na kovu kubwa, limekunjamana kama utando wa maziwa.

"Unaona hili? Egzosi ya mume wako hiyo. Tulianguka kwenye mchanga pale Bangwe, wewe bado unavaa sare za shule. Mimi nimelala chini naungua, yeye unajua aliangalia nini kwanza?"

Niliendelea kulitazama kovu.

"Tairi! Aliangalia tairi kama limetoboka, ndipo akaniangalia mimi. Siku hiyohiyo nilimrudishia pete. Tangu hapo natembea kwa miguu yangu, na nimenenepa vilevile."

Wale wateja walicheka mpaka mmoja akashika meza. Mimi masikio yaliniwaka. Lakini sikuondoka.

"Basi yuko nani?" nilimuuliza. "Najua anakuja huku."

"Anakuja. Na anayembeba namjua." Alishusha kitenge. "Ila si mimi wa kukwambia. Kamuulize mwenyewe, dada. Na ukishaambiwa, njoo uninunulie hata chupa moja kwa aibu hii."

Jioni ile sikumwacha Thobias avue hata koti. Nilimwonyesha tairi, nikamwonyesha njiti, nikamwambia yote. Aliichukua ile njiti akaitazama, na nilichokiona usoni mwake mwanzoni kiliniudhi zaidi. Alikuwa amefurahi nimejua kupima.

"Umepima vizuri," alisema. "Lakini umesoma kinyume. Njoo. Kaa kama mlivyozoea, miguu kushoto."

"Sikai."

"Kaa, Honorata."

Jina langu alikuwa halitaji ovyo. Nikakaa. Yeye akapanda mbele, akaishusha pikipiki kwenye stendi, akaishikilia kwa miguu. Nilihisi uzito wangu ukiivuta kushoto, na yeye akiilaza kidogo kulia ili isimame.

"Diana!" aliita. "Lala chini utazame. Tairi linagusa chini upande gani?"

Mtoto alilala kwenye vumbi na nguo za shule. "Upande wa kwa jirani!"

Kwa jirani ni kulia.

"Umeona," Thobias alisema. "Abiria akikaa kushoto, dereva anaegemea kulia, na kulia ndiko kunakolika. Hili limelika kushoto."

"Kwa hiyo yupo anayekaa na miguu kulia? Juu ya egzosi?"

Angeweza kusema ni dumu la maji, au gunia la dagaa. Ningeamini, maana nilitaka kuamini. Alishuka akaiweka pikipiki kwenye stendi.

"Yupo," alisema.

"Ni nani?"

"Nimeapa sitasema. Aliniapisha kwa jina la Mungu, nikaapa. Nivumilie kidogo tu, Mama Diana. Yatakwisha."

Usiku huo nililala ukutani. Mwanzoni nilikuwa namwonea wivu mwanamke aliyekaa kama wanawake wote. Sasa nikaanza kumuwaza mwanamke asiyeogopa moto, anayefungiwa gunia kwenye egzosi asiungue, anayevunjiwa sheria ambayo bibi harusi hakuvunjiwa. Nilimwombea mabaya. Nilikuwa najua maneno ya sala na nikayatumia kwa hilo.

Wiki iliyofuata Thobias alinunua tairi jipya. Mimi nikaanza upya na njiti. Wiki ya kwanza sawa. Mwezi wa kwanza sawa. Mwezi wa pili, kushoto na kulia, sawa kabisa, alama ya ukucha mahali palepale. Nikajua nimeshinda. Ameachana naye, nilijiambia, nimemwogopesha. Kwenye jumuiya nilisimama nikatoa shukrani kwa Mungu, na nilipoulizwa ya nini nikasema ni ya moyoni. Lakini kumbe ushindi huo ulikuwa na sumu yake, kwa sababu mtu huachana na kitu alichokuwa nacho. Nikimtazama anakula, nilikuwa nawaza: basi ilikuwa kweli.

Wiki ya tatu ya Kwaresima alirudi mapema, anatetemeka. Tulidhani homa ya kawaida. Usiku huohuo malaria ilipanda kichwani. Tulipokuwa tunasubiri gari la kumpeleka hospitali alinishika kanga.

"Tuma mtu Kasingirima," alisema. "Waambie kesho siendi. Wasinisubiri."

Mimi nilisikia neno moja tu, Kasingirima. Damu ilinipanda. Anaumwa hivi na bado yuko huko!

"Lala," nilimwambia. "Nimeshatuma."

Sikutuma mtu. Alifumba macho akaniamini. Alfajiri yake Mungu alimchukua.

Siku ya maziko watu walikuwa wengi, pikipiki zimejaa njia yote hadi barabarani. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake. Nikasikia mlio ambao ningeujua hata katikati ya mia. Ni pikipiki ya Thobias. Bariki alikuwa ameichukua asubuhi akisema kuna mtu wa kumfuata, na mimi sikuwa na nguvu ya kuuliza ni nani.

Watu walipisha. Pikipiki iliingia uani polepole. Nyuma ya Bariki alikuwa amekaa mtu mzito amevaa koti la zamani la reli, amekaa upande, miguu yote miwili kulia. Kwenye egzosi kulikuwa na gunia lililolowanishwa, limefungwa kwa waya. Na upande wa kushoto wa keria lilining'inia dumu la lita kumi, limejaa mchanga.

Alikuwa Baba.

Winfrida na Bariki walimshusha. Alikanyaga uani kwetu kwa mara ya kwanza, mguu wa kulia kwanza, wa kushoto ukiburutwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza akaweka mkono juu. Hakulia kwa sauti. Mimi ndiye niliyepiga kelele, na wanawake walinishika wakidhani ni uchungu wa mume. Ulikuwa uchungu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine, na nitakiita kwa jina lake. Ulikuwa wivu uleule, umegeuza tu kichwa.

Baada ya maziko alikaa kwenye kiti karibu na mkeka wangu.

"Baba," nilimwambia, "ulisema pikipiki yake hutaipanda."

"Sijaipanda," alisema. "Kupanda ni kupitisha mguu. Mimi nilikaa tu."

Wazee waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikacheka, kisha tukalia wote.

Alinieleza taratibu, mdomo wake bado ulikuwa mzito upande mmoja. Alipoanguka, Thobias alisikia. Alikwenda akafukuzwa. Akaenda tena akafukuzwa. Siku ya tatu alikaa kwenye ngazi bila kusema, pikipiki imewashwa. Baba alitakiwa kufanya mazoezi hospitali kila asubuhi na hakukuwa na mtu wa kumpeleka. "Nikamwambia nitakwenda, ila uape kwa Mungu mke wako hatajua. Sikutaka ujue nimekula maneno yangu."

"Na kwa nini ukae kulia, Baba? Kwenye moto?"

"Ningekaa kushoto, mkono wangu mzima ungekuwa upande wake, ningelazimika kumshika kiuno. Mimi nimshike kiuno kijana yule? Nikakaa kulia, nikashika chuma cha keria." Alikunja ngumi ya kulia kunionyesha. "Alifunga gunia asubuhi na asubuhi, akalimwagia maji. Hakuniuliza kwa nini."

Kisha akaniambia habari ya tairi. Siku niliyogombana na Thobias, kesho yake Thobias alimwomba amfungulie kiapo. Baba alikataa. Alimwambia asubiri Pasaka, kwa sababu alitaka kuja kwetu kwa miguu yake, aingie mwenyewe. "Nikamwambia, tatizo la mkeo ni tairi, basi tulitengeneze tairi. Sisi relini behewa likipakiwa upande mmoja, magurudumu yanalika upande mmoja. Unahamisha mzigo, au unaweka mwingine kusawazisha. Tukaenda ufukweni tukajaza dumu mchanga. Tulijaribu lita tano, haikutosha. Dumu lilikuwa linabaki kwangu, analifunga nikipanda."

"Ukikaa," nilimwambia.

"Nikikaa."

Walijaribu kwa siku tatu, alisema. Walikuwa wanasimama njiani na kulala chini, mzee aliyepooza na dereva wa pikipiki, wakichungulia tairi linagusa wapi. Watu walidhani wameibiwa kitu. Walicheka, alisema. Baada ya mazoezi walikuwa wanapita stesheni kutazama mabehewa, halafu wananunua mihogo ya kuchoma. Thobias alijua Baba anapenda mihogo iliyoungua kidogo.

Mimi nilikuwa nimesahau hilo. Nilikaa mkekani nikasikiliza, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu marehemu, udongo wa kaburi lake haujakauka. Miaka sita nilimlilia baba yangu, na mume wangu akampata, akawa naye kila asubuhi, akala naye mihogo, akalala naye chini barabarani kucheka. Mimi nilipewa njiti ya kiberiti.

"Asubuhi ile ambayo hakuja," Baba alisema, "nilikaa barazani nimeshavaa koti, hadi saa nne. Nilimsema vibaya. Nikasema, kijana amenichoka."

Hapo ilibidi niseme. "Alinituma nikwambie, Baba. Nikamdanganya kuwa nimetuma. Nilidhani ni mwanamke."

Alishika mkono wa kiti. Nilidhani atainuka aondoke, na kama angeinuka ningemsaidia.

"Mimi nilimzuia kusema hadi Pasaka," alisema mwishoni. "Wewe ulizuia neno lake siku moja. Tumekosa wote. Nisogezee kiti, jua linanipiga."

Jovita nilimnunulia mawese lita tano. Alinipimia akaongeza kikombe juu.

Bariki alimbeba Baba miezi miwili. Kisha nikamwambia anifundishe mimi. "Shem, wewe?" alisema, lakini alinifundisha, kwenye kiwanja cha mpira, na wanakwaya wenzangu walikuja kutazama kama sinema. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili, kabla sijajitazama goti, nilijikuta naangalia tairi, na nikakaa pale kwenye majani nikamcheka Thobias kwa sauti.

Sasa mimi ndiye ninayempeleka Baba. Naamka saa kumi na moja, napima upepo kwa kile kipimo cha kwenye kitambaa. Jumamosi Diana anashika ncha moja ya uzi, nyingine tunamfungia Baba kwenye mkono wake wa kushoto aivute, daktari alisema ni zoezi zuri. Lile tairi la zamani nimelitundika ukutani uani. Madereva wakija nawaonyesha, nawaambia wasijifunze kutoka kwangu kusoma, wajifunze kupima.

Wiki iliyopita tulikuwa tunateremka kwenda mjini. Gunia limelowa, dumu liko kushoto, Baba amekaa kulia ameshika chuma chake. Mbuzi alikatiza, nikashika breki taratibu kama nilivyofundishwa, pikipiki ikayumba kidogo. Nikahisi kitu kiunoni. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Baba, ule uliokufa. Ulinishika kanga, vidole vimekunjana vizuri, na haukuachia hadi tulipofika hospitali. Sikugeuka wala sikusema, nisimkumbushe.

Thobias alimbeba kwa miezi mingi na hakuwahi kushikwa. Hilo ni langu peke yangu. Nimemshukuru Mungu kwa hilo, na najua shukrani yenyewe si safi. Nitamwomba Thobias anisamehe siku ya misa, nikiwa nimekaa benchi moja na baba yangu.